Kuingia ndani ya ramani: jinsi ya kutumia ramani za uhalisia pepe ukiwa Lamu

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekula chumvi nyingi baharini, hajapanda chombo tangu magoti yalipomkatalia. Siku moja nilimvisha miwani ya uhalisia pepe (VR), kile kifaa kinachofunika macho yote mawili na kukuweka ndani ya picha, nikamshusha juu ya mlango wa Mkanda, pale Manda inapokaribiana na bara. Alinyamaza kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akaupitisha hewani kana kwamba anapapasa majani ya mikoko, akasema, "Hapa maji yakipwa ni pondo tu, mwanangu. Injini uizime." Kwenye ramani ile hapakuwa na neno lolote la kusema hivyo. Palikuwa na buluu tupu.

Mkono ule ndio ulionifanya niandike mwongozo huu. Ramani ya kwenye simu tunaitazama kwa juu kama picha iliyolazwa mezani. Hii ya uhalisia pepe mtu anaingia ndani yake, na akishaingia, mwili huanza kukumbuka mambo ambayo ulimi ulikuwa umeyasahau. Lamu ina watu wengi wenye kumbukumbu za namna hiyo, na nyingi hazijaandikwa popote. Ila ili ufike huko bila kizunguzungu, bila kuunguza kifaa na bila kujikuta Hispania (nitaeleza), kuna mambo ya kufuata. Nayaeleza kama ninavyoyafanya mwenyewe nyumbani, mtaa wa Langoni, mjini Lamu.

Chagua njia yako

Njia ni tatu, na zinapishana sana kwa gharama.

Ya kwanza ni simu na boksi. Google ilitoa Cardboard mwaka 2014: kadibodi iliyokunjwa, lenzi mbili, simu inachomekwa mbele. Iliacha kuiuza mwaka 2021, lakini michoro yake iko wazi kwa yeyote, na maboksi ya plastiki ya aina hiyo bado yanapatikana. Simu lazima iwe na jairoskopu, yaani kihisi kinachojua simu imegeukia wapi. Ili kuijaribu, fungua picha yoyote ya nyuzi 360 kisha uzunguke na simu mkononi. Picha ikizunguka pamoja nawe, simu inafaa. Ikisubiri uisukume kwa kidole, haifai. Kwa njia hii utatazama pande zote ukiwa umesimama mahali pamoja, basi. Ramani yenyewe hutaweza kuishika.

Ya pili ni miwani inayojitegemea, kama Meta Quest 2 iliyotoka mwaka 2020, au Quest 3 ya mwaka 2023. Haihitaji kompyuta. Ina kamera zake zinazotazama chumba, na huja na kontrola mbili za kushika mkononi. Humo unaweza kuweka Wander, programu ya kulipia ambayo inakusimamisha ndani ya picha za mitaani za Google.

Ya tatu ni kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu, ikiwa imeunganishwa na miwani. Hii ndiyo inayofungua Google Earth VR, ramani ya dunia nzima unayoingia ndani yake, iliyotoka Novemba 2016 kwa miwani ya HTC Vive, na mwaka uliofuata kwa Oculus Rift. Ni ya bure, unaipakua kupitia Steam, duka la mtandaoni la programu na michezo, na Quest nayo inaweza kuitumia ikiunganishwa na kompyuta kwa kebo. Ni programu ya zamani sasa, lakini kwa kujifunza kuishika dunia kwa mkono sijaona iliyoishinda, na sehemu kubwa ya maelezo yangu inaihusu.

Kama pesa ni za kuhesabu, msinunue kila mtu yake. Changeni watano au sita. Kifaa kimoja kinatosha mtaa mzima, kwa sababu hakuna anayepaswa kukivaa zaidi ya nusu saa kwa mkupuo.

Andaa chumba kabla ya miwani

Hapa nitakaa kidogo, maana maelekezo yanayokuja na vifaa hivi yameandikwa kwa nyumba ambazo si zetu.

Maelekezo yanataka nafasi wazi ya mita 2 kwa mita 2 ili utembee. Nyumba ya mawe ya Lamu upana wake uliamuliwa na mkoko: boriti ndizo zinazobeba dari, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inavyofika. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, chini ya mita tatu. Ukishaweka kitanda na kabati, hizo mita 2 hazipo. Kwa hiyo miwani ikikuuliza unataka mpaka wa kutembea au wa kukaa, chagua wa kukaa. Tafuta kiti kinachozunguka, kisicho na mikono, ukiweke mbali na ngazi. Ngazi zetu ni kali hata kwa mtu anayeona.

Jambo la pili ni chokaa. Kamera za miwani hujua ulipo kwa kushika alama chumbani: kona, ncha ya meza, mstari wa rangi. Ukuta mweupe mtupu hauna cha kushika, na hapo ndipo picha huanza kuteleza, ukajiona unaelea kando bila kusogea. Tundika leso mbili ukutani, zenye pindo pana na rangi zinazogombana. Mimi nina moja nyeusi na nyekundu ambayo haivaliwi tena, kazi yake ni hiyo tu. Ukiwa na chumba chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, una bahati, maana zile kona ndogo ndogo kamera inazipenda sana.

Mwanga uwepo, ila usiwe wa jua. Taa ya kawaida inatosha. Watu wengi hufikiria kwenda darini kwa sababu kuna nafasi na upepo. Usiende. Lenzi za miwani hukusanya miale kama kioo cha kuwashia moto, na jua likiingia kwa upande unaowekea macho, linaichoma skrini kwa muda mfupi mno. Nilipoteza skrini moja hivyo. Niliiacha miwani juu ya mkeka, lenzi zikitazama juu, nikateremka kumwitikia mtu mlangoni. Niliporudi palikuwa na doa la manjano katikati ya picha, na halikutoka tena. Tangu siku ile, miwani ikivuliwa inafunikwa kitambaa papo hapo, hata ndani ya nyumba.

Mwisho ni waifai. Kuta za mawe ya matumbawe zinameza mawimbi. Chumba cha pili tu na ishara imekatika nusu. Weka ruta, au simu inayogawa intaneti, chumba kile kile ulichomo.

Kuvaa

Vua kofia, na kama ni ya viua iweke mbali na mikanda, itachanika. Kwa anayejifunga ushungi, kitambaa cha pamba chepesi ndani kinasaidia mikanda isiteleze, nao ushungi usiingie kati ya uso na sponji. Anayevaa miwani ya macho aitangulize miwani yake ndani ya kile kifaa, kisha alete uso, asifanye kinyume chake, ili vioo visikwaruzane na lenzi.

Kisha rekebisha umbali wa lenzi. Kwa watu wazima wengi umbali kati ya mboni mbili ni milimita 63 hivi, lakini tunatofautiana. Simama mbele ya kioo na rula, au mwombe mtu akupime. Quest 2 ina nafasi tatu, 58, 63 na 68, unazisogeza lenzi kwa vidole. Quest 3 ina gurudumu dogo chini. Fungua ukurasa wenye maandishi madogo, sogeza mpaka herufi zikae sawasawa bila kuwa na kivuli. Ukiliruka hili, utaumwa kichwa na utailaumu ramani.

Watoto: Meta yenyewe imeweka umri wa chini kuwa miaka 10, na mimi naufuata.

Elekea kibla

Hili silioni likiandikwa mahali popote, na kwangu ndilo lililobadilisha kila kitu. Kabla hujavaa miwani, geuza kiti uelekee kibla.

Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini ya Lamu. Tofauti haifiki nyuzi tatu. Wazee hawakukosea walipoita kaskazini kibula. Na ramani nazo zinapofunguka huwa zimeweka kaskazini mbele yako. Kwa hiyo ukikaa ukielekea kibla, kaskazini ya ramani na kaskazini ya chumba chako zinalingana. Mkono wa kulia ni Manda na bahari kuu, na kweli bahari iko huko nje ya ukuta. Kushoto nyuma ya mji ni mashamba. Kijiji cha Shela kiko kusini, yaani nyuma ya bega lako la kulia. Mwili unajua tayari pande hizi tangu utotoni, na ramani ikikubaliana nao unatulia.

Ukikaa ovyo, ukaielekea Shela huku ramani inaonyesha kaskazini, kitu fulani kichwani kinakataa. Unatafuta Mokowe, kule bara, unaikuta upande usiotarajia, na kizunguzungu huanzia hapo kabla hata hujaruka. Programu nyingi zina dira ndogo au kitufe cha kurudisha kaskazini mbele. Kijue kilipo kabla ya mengine yote.

Kufika

Njia ya kwanza ni kutafuta kwa jina. Njia ya pili, ambayo naipendelea kwa sababu majina ya vijiji vyetu yameandikwa vibaya mara nyingi, ni kuandika namba: latitudo -2.27, longitudo 40.90. Hapo ni mji wa Lamu.

Angalia sana ile alama ya kutoa. Inamaanisha kusini mwa ikweta. Ukiisahau, utatua nchi kavu kilomita mia tano kaskazini, karibu na mpaka wa Somalia, mahali pasipo na hata harufu ya bahari. Na ukizigeuza namba, ya pili ikaja kwanza, utashuka mashariki ya Madrid. Mwanafunzi mmoja alikaa robo saa akitafuta Ngome ya Lamu kwenye vilima vya Hispania.

Mikono inafanya nini

Kontrola zinatofautiana, lakini kazi ni zile zile. Kitufe kilicho chini ya kidole cha shahada ndicho cha kushika: elekeza kwenye ardhi, bonyeza, vuta, na dunia inakufuata kama shuka. Kijiti kilicho chini ya dole gumba ndicho cha kurukia. Kuna kitufe cha kuinua na kulaza mwonekano, ili ramani iwe kama ukuta mbele yako au sakafu chini yako. Na ukiielekeza kontrola angani ukashika, unalivuta jua: unaweza kuifanya asubuhi iwe jioni. Jaribu vyote hivi juu ya maji mapana, mbali na pwani, ambako hakuna cha kugonga wala cha kukusumbua macho. Dakika tano zinatosha.

Kinachowashangaza wengi ni ukubwa. Ukipanda juu, visiwa vyote vinakuwa vidogo, Lamu, Manda na Pate vinakaa mbele yako kama vimewekwa kwenye sinia. Programu inafanya hivyo kwa kuongeza umbali kati ya macho yako ndani ya ule ulimwengu, ukawa kama jitu linalotazama mchezo wa watoto. Ukishuka, inaupunguza, na wewe unarudi kuwa mtu. Ujue hilo, ili usidhani kifaa kimeharibika pale kisiwa kinapoonekana kama kitu cha kuweka mfukoni.

Kigegezi, na dawa yake

Mzee wangu hajawahi kutapika baharini. Kwenye miwani, dakika ya nne tu, alishika tumbo. Alikasirika, na nilimwelewa.

Chomboni, mwili unayumbishwa na wimbi huku macho yanaona ubao uliotulia mbele yako. Kwenye miwani ni kinyume: macho yanaruka juu ya Manda kwa kasi, na sikio la ndani, linalopima mwendo, linasema umekaa kitini. Ugomvi ni ule ule, ila umegeuzwa, na aliyezoea wa kwanza hana kinga ya wa pili.

Fanya hivi. Usiruke kwa kuteleza siku za mwanzo. Hama kwa kuelekeza sehemu na kutua hapo mara moja, maana macho yasipoona safari, sikio halina cha kulalamikia. Kwenye mipangilio kuna hali ya utulivu, ambayo hubana mwonekano ukawa kama tundu kila unaporuka. Iache ikiwa imewashwa. Geuka kwa kiti, usigeuke kwa kijiti. Usile ukashiba kabla. Washa feni ikupulizie usoni, kwa sababu upepo wa kweli unaukumbusha mwili uko wapi, na pia lenzi hazipati ukungu kwa joto letu. Ukihisi mate yanajaa mdomoni, vua papo hapo. Hakuna ushujaa hapa: ukivumilia kigegezi kwa dakika mbili, kitakaa nawe mpaka magharibi.

Na ukimvisha mtu mwingine huku wewe ndiye unayeshika kontrola, usimsogeze akiwa ametazama. Mimi humwambia, "Ami, fumba." Anafumba, namhamisha, nasema, "Fumbua." Tangu tuanze hivyo mzee hajashika tumbo tena.

Shuka kwa vituo

Ramani haimo ndani ya miwani. Inaletwa kupitia intaneti vipande vipande, kama vigae. Katika mpango wa kawaida wa ramani za mtandaoni, dunia nzima ikionekana kwa mbali kabisa ni kigae kimoja cha nukta 256 kwa 256, yaani vile vidoa vidogo vya rangi vinavyounda picha. Ukishuka ngazi moja, kigae kile kinagawanyika vinne. Ngazi nyingine, kila kimoja vinne tena. Ukifika ngazi ya 18, kuifunika dunia kunahitaji vigae zaidi ya bilioni 68. Kwa hiyo ukijitupa kutoka juu mpaka kwenye gati kwa pumzi moja, unaagiza mzigo mkubwa kwa ghafla. Picha inakuwa ukungu na bando linateketea.

Shuka kwa vituo vitatu. Simama pale unapoviona visiwa vyote. Subiri viwe wazi. Shuka mpaka kisiwa cha Lamu kikujae macho. Subiri. Kisha shuka mjini.

Ukifika mjini, itafute Ngome kwanza. Ni mraba mkubwa wenye ua wazi katikati, hakuna jengo jingine linalofanana nao kwa juu. Ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, ikiwa ukingoni mwa maji. Majengo yaliyo mbele yake leo yalikuja baadaye. Toka hapo, fuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, sambamba na bahari. Kaskazini unaingia Mkomani, kusini unaingia Langoni. Jaribu kuutembeza mkono juu ya njia yote bila kupotea. Ni zoezi zuri, na ni gumu kuliko unavyofikiri, kwa sababu kwenye ile ngazi ya 18 nukta moja ni kama sentimita 60 za ardhi. Punda mzima ni nukta mbili tatu. Kichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugusana mabega ni nukta mbili tatu vile vile, tena mara nyingi kiko kivulini. Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, kwa juu unaonekana kama paa moja lililopasuka pasuka. Utahitaji kushuka kwenye picha za nyuzi 360, pale zilipo, ili kuiona njia yenyewe.

Pale pa kutoiamini ramani

Sehemu hii naiomba isomwe mara mbili na kila kijana anayeendesha mashua.

Picha ya bahari unayoiona ni ya saa moja ya siku moja. Maji yalikuwa yamejaa au yamepwa, bamvua au maji mafu, ramani haikuambii. Fungu la mchanga linaweza kuwa liko chini ya ile buluu. Na picha hizi zinaungwa: utaona mahali maji yanabadilika rangi kwa mstari ulionyooka kama wa rula, ng'ambo moja ni kahawia, ya pili ni kijani. Hapo zimekutana picha za siku mbili tofauti. Usipange safari ya chombo kwa kutazama miwani. Kina cha maji kinaulizwa kwa ramani za baharini na kwa wanaopita hapo.

Ili kujua picha ni ya lini, nenda ghuba ya Manda, upande wa bara, ilipo bandari mpya iliyoanza kazi Mei 2021. Ukikuta mikoko na hakuna gati, unatazama picha iliyopitwa na wakati.

Miinuko nayo ina hila zake. Vipimo vya urefu wa ardhi ambavyo ramani nyingi za bure bado zinavitumia vilichukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, kwa siku 11 za Februari 2000. Rada ile ilirudishwa na matawi kabla ya kufika chini. Matokeo yake msitu wa mikoko huonekana kama kilima, wakati ardhi yake ni tope lililo sawa na bahari. Ukiona pwani yetu ina ukuta wa kijani ulioinuka, si mlima. Vilima vya mchanga vya Shela ni vya kweli, hivyo usivitilie shaka. Zima chaguo la kukuza miinuko kama lipo. Nchi yetu ni tambarare na haihitaji kusaidiwa.

Piga picha zenu

Mkiwa na kamera ya nyuzi 360, ile yenye lenzi mbili zinazotazama pande mbili, mnaweza kujaza yale ambayo setilaiti haiyaoni. Kuna jambo moja la kiufundi kwa vichochoro vyembamba. Picha za lenzi mbili huunganishwa pembeni, kwenye mshono kati yao, na kitu kilicho karibu sana kikiwa kwenye mshono hukatika au hujirudia. Watu wengi huelekeza lenzi mbele na nyuma kufuata njia, na mshono unaangukia kuta, zilizo nusu mita tu. Milango ya kuchonga inatoka imepinda. Geuza kamera lenzi zitazame kuta, moja huku na moja huku. Mshono sasa unafuata urefu wa njia, ambako vitu viko mbali, na picha inaungana vizuri.

Iweke kwa urefu wa macho ya mtu mzima. Piga mapema, baada ya swala ya alfajiri, kabla mizigo haijaanza kupita. Na ombeni ruhusa. Kichochoro cha Lamu ni kama ukumbi wa nyumba za hapo. Mlango ulio wazi si ruhusa ya kupiga picha daka la watu, yaani ukumbi wao wa mlangoni. Mtu akionekana, ficheni uso wake kabla ya kuiweka picha mtandaoni. Akisema hataki, basi hataki.

Majina

Sasa narudi kwa yule mzee na mlango wa Mkanda.

Miwani nyingi zinaweza kurusha picha kwenye simu, ili aliyekaa kando aone anachokiona aliyevaa. Washa hilo. Aliyevaa asisumbuliwe na vitufe. Kazi yake ni kutazama na kusema. Wewe shika kontrola, daftari na kalamu, na simu nyingine irekodi sauti akikubali. Usimuulize "hapa panaitwaje?" kila sekunde. Mshushe, nyamaza, mwache aanze. Majina mazuri niliyoyapata yalikuja mwishoni mwa hadithi ya tanga lililochanika, na hakuna hata moja lililokuja kwa swali langu.

Kila jina andika na namba zake za latitudo na longitudo, na nani wengine wanalijua. Mimi silipeleki kwenye ramani mpaka watu wawili, ambao hawakukaa pamoja, wamelisema sawasawa. Liandike kama linavyotamkwa. Kama wenyewe wanasema ndia, usiwasahihishie kuwa njia.

Pa kuliweka ni OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea. Fungua akaunti, tafuta mahali, bonyeza sehemu ya kuhariri, weka nukta, chagua ni kitu gani (mwamba, kisima, msikiti, ghuba), andika jina, na kama kuna jina la pili lina nafasi yake. Kabla ya kuhifadhi, andika maelezo mafupi ya ulikolipata. Usinakili chochote kutoka ramani za Google. Sheria za OpenStreetMap zinakataza, na kazi yako itafutwa. Chanzo chako kiwe mtu aliyekwambia, au macho yako mwenyewe.

Usiandike majina ya wenye nyumba. Na pale mzee anaposema "hapa usipaandike", iwe ni kaburi, ni mahali pa uvuvi wao, au hataki tu kusema sababu, funga daftari mkaendelee mbele.

Jina ulilohifadhi huonekana kwenye tovuti yao baada ya muda mfupi. Programu za miwani zinazotumia ramani hiyo huchelewa, nyingine wiki kadhaa, na Google Earth VR haitalionyesha kabisa, kwa sababu haichukui huko. Kwa hiyo nachapisha karatasi moja yenye majina mapya, namsomea mzee akiwa amevaa, naye ananyoosha mkono kila linapotajwa. Akinyoosha sipo, nimeweka nukta vibaya, narudi kurekebisha. Mwezi uliopita alinihamisha mwamba mmoja karibu mita mia mbili. Bado hatujafika upande wa Siyu, kisiwani Pate. Tunaendelea Jumamosi baada ya alasiri, nusu saa nusu saa.